Vijiko Sita vya Weizero Tsehaynesh

Begi lilikuwa bado juu ya meza, pale pale tulipoliacha katika toleo la Jumamosi iliyopita, na Injinia Pavel alikuwa bado amekunja mikono.

"Lifungue, mama," alisema Hirut. "Tulimalize hili jambo, kila mtu aende zake."

Hirut ni afisa makazi wa ile kampuni inayochimba visima vya mvuke. Kazi yake ni kuwatafutia wageni wa kampuni fleti zenye kila kitu ndani, kuanzia kitanda hadi kichujio cha chai. Mgeni anakaa mwezi mmoja au mitatu, anaondoka, analetwa mwingine. Siku hiyo alikuwa ameitwa mbio kutoka ofisini Kazanchis kwa sababu saa ya mkononi ya Injinia Pavel ilikuwa imepotea, na mtu pekee aliyeingia chumbani asubuhi alikuwa mwanamke wa usafi.

Mwanamke wa usafi ndiye Bi Tsehaynesh, au Weizero Tsehaynesh kwa heshima ya kwao. Na wewe msomaji unajua jambo ambalo Hirut na Pavel hawakulijua: fleti ile ni yake mwenyewe.

Alihamia humo na mumewe, Ato Kifle, miaka kumi na saba iliyopita. Kifle alifia humo. Mwaka jana dalali Yidnekachew, ambaye mtaa mzima wa Bole unamwita Yidne, alimshauri aipangishe kwa kampuni. "Ila Etiye," alimwambia, kwa lile neno la heshima la kumwita dada mkubwa, "wageni hawapendi kukutana na mwenye nyumba. Tutasema mwenye nyumba yuko Kanada." Weizero Tsehaynesh akafungasha nguo zake akahamia kwa dada yake, mtaa wa Gerji. Moyo ukamshinda. Aliposikia mwanamke wa usafi wa kabla yake ameacha kazi, aliomba nafasi hiyo ili walau aingie nyumbani kwake mara tatu kwa wiki.

Sasa alikuwa anaitwa mwizi humo humo.

"Mimi sijachukua saa ya mtu," alisema.

"Basi kufungua begi kuna ubaya gani?"

Ubaya ulikuwepo, na yeye alikuwa anaujua. Alimtazama Yidne, aliyekuwa amesimama dirishani akichezea simu. Yidne hakuinua macho.

Akavuta zipu.

Hirut alitoa kitu kimoja kimoja. Shuka nyeupe ya netela, ya kujitanda. Ndala. Kopo la chakula lenye mabaki ya mchuzi wa shiro. Kipande cha mkate. Halafu furushi dogo la kitambaa, limefungwa fundo mara mbili. Alilifungua polepole, na vijiko sita vidogo vya fedha vikaanguka mezani vikilia.

Pavel alikwenda kwenye droo ya jikoni akarudi na orodha ya vitu vya fleti, kurasa tisa zilizofunikwa plastiki. Kidole chake kikashuka, kikashuka, kikasimama.

"Namba themanini na tatu," alisema kwa Kiingereza. "Vijiko vya kahawa, vya fedha, sita."

"Mama," alisema Hirut, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeangushwa. "Mama, kwa umri huu?"

"Anavitumia kuchokonolea matope ya mabuti yake," alisema Weizero Tsehaynesh. "Kimoja kimepinda. Kitazame. Nilikuwa navipeleka mahali salama."

"Salama wapi? Sokoni Merkato?"

"Kwangu."

"Ndiyo wizi wenyewe huo, mama. Kitu cha watu kupelekwa kwako."

Hapo Yidne aliondoka dirishani. Alipita karibu na Weizero Tsehaynesh na, bila kuonekana, akamkanyaga kidole cha mguu. Kila alipofungua mdomo mahali pasipofaa, Yidne alimkanyaga. Kidole kilikuwa kimeshazoea.

"Dada Hirut," alisema kwa upole, "huyu ni mtu mzima. Amepitiwa. Mimi namwachisha kazi sasa hivi, kesho asubuhi naleta msichana mwingine, mchangamfu, tena anajua kupiga pasi mashati. Vijiko vimepatikana. Yaishe."

"Na saa yangu?" aliuliza Pavel.

Mzungu huyu hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Tangu asubuhi alikuwa hajala. Saa ile ilikuwa ya baba yake, mfanyakazi wa reli wa zamani huko kwao, na aliivaa hata alipokuwa shimoni na matope hadi magotini. Aliivua usiku tu.

Alimgeukia Hirut akaongea Kiingereza cha haraka. "Aliyechukua vijiko amechukua na saa. Kaiuza tayari. Muulize kamuuzia nani, nitainunua tena, sitaki hata kumshtaki."

"Haijauzwa," alisema Weizero Tsehaynesh.

Alisema kwa Kiingereza. Kiingereza safi, cha pole pole, cha mtu aliyezoea kusikilizwa upande wa pili wa waya. Pavel alikodoa macho. Kwa wiki saba alikuwa akimwonyesha kwa vidole: kitanda, sinki, dirisha.

"Umejifunza wapi hiki?" aliuliza Hirut.

"Nilipokea simu hotelini miaka ishirini na sita. Bwana Pavel, saa uliiweka wapi mara ya mwisho?"

"Kabati la kando ya kitanda. Droo ya juu."

"Uliifunga droo kwa nguvu?"

"Haifungiki bila nguvu."

Hakuomba ruhusa. Alikwenda chumbani moja kwa moja, wote watatu nyuma yake. Akaishika droo ya juu, akaiinua kidogo, akaipindisha kushoto, akaichomoa yote. Kisha akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya kabati hadi begani, uso wake umebanwa kwenye mbao, macho amefumba.

"Nyuma kuna mwanya," alisema. "Fundi alikata ubao mfupi. Miaka yote namwambia aje kuurekebisha, anasema kesho."

Mkono ulitoka na waya wa chaja. Ukarudi. Ukatoka na saa.

Ukarudi mara ya tatu, wenyewe tu kama vile hakuutuma, ukatoka na miwani ya kusomea iliyokatika mkono mmoja.

Pavel alichukua saa akaiweka sikioni. Akakaa kitandani. "Yikirta," alisema, neno moja la msamaha katika Kiamhari chake cha sokoni. "Yikirta, mama. Nisamehe sana."

Weizero Tsehaynesh hakumsikia. Alikuwa anafuta vumbi kwenye ile miwani kwa pindo la gauni. Kifle aliitafuta wiki nzima kabla ugonjwa haujamlaza kitandani. Alimlaumu mkewe kwamba kaitupa na magazeti. Alikufa hajaiona.

Hirut alikuwa mwepesi wa akili. Ndiyo maana kampuni ilimpa kazi ile. Alimtazama mwanamke aliyepiga magoti, akalitazama kabati, akamtazama tena.

"Wewe una miezi miwili tu kwenye kazi hii," alisema. "Umejuaje kuhusu mwanya?"

Yidne alikohoa.

Kidole cha mguu kilikuwa mbali, safari hii hakikufikika.

"Kwa sababu hilo kabati nililinunua mimi," alisema Weizero Tsehaynesh. "Na kitanda. Na vijiko ni vya harusi yangu. Weizerit Hirut, nyumba hii ni yangu."

*

Kama Yidne angecheka kwa kejeli, labda Hirut angemwamini mama. Lakini Yidne alicheka kwa huruma, kicheko cha mtu anayemtazama mgonjwa wa jamaa yake.

"Mnaona sasa," alisema. "Nilikuwa naogopa hili. Ameanza kujiona mwenye nyumba. Wiki iliyopita mlinzi aliniambia anakaa sebuleni peke yake anaongea na viti."

"Yidne," alisema Weizero Tsehaynesh. "Nitazame."

"Nakutazama, mama."

"Mimi si mama yako. Kwenye simu unaniita Etiye. Waambie."

"Niwaambie nini? Mwenye nyumba yuko Toronto. Nimeongea naye juzi."

Weizero Tsehaynesh alijua Yidne ni mwongo. Alimlipa kwa sababu alikuwa mwongo hodari. Lakini uongo ule walikuwa wameupika pamoja, kwa ajili ya wageni, kama mtu anavyowaambia wapangaji kwamba maji hayakatiki. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja angekuwa upande usiofaa wa uongo huo.

"Dada Hirut, subiri," alisema Yidne, akafungua mkoba wake wa ngozi. "Mimi ni mtu wa karatasi. Hii hapa. Mkataba wa kazi ya usafi, fleti ya kumi na moja, ghorofa ya nne. Jina, Tsehaynesh Wolde. Sahihi yake hiyo. Mama, hii si sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Unasikia."

"Ulisema bila karatasi hiyo mlinzi hataniruhusu kupita getini."

"Na kweli asingekuruhusu."

Hirut alikuwa anapekua faili alilokuja nalo. "Kitambulisho chako, mama."

Weizero Tsehaynesh alimpa kile cha kebele, ofisi ya mtaa. Hirut alikiweka kando ya mkataba wa kampuni, akasoma, akatikisa kichwa.

"Kwenye mkataba wetu mwenye nyumba ni Bezawit Kifle. Wewe ni Tsehaynesh Wolde."

"Wolde ni baba yangu. Kifle ni mume wangu. Bezawit ni binti yetu."

"Hakuna mahali panaposema hivyo."

"Patasemaje? Binti anachukua jina la baba yake. Wewe mwenyewe una jina la mama yako?"

"Mama, kila mtu mjini hapa ana Kifle wake."

Pavel, bado kitandani, alikuwa anauliza kinachoendelea, na kila alipouliza Hirut alimwinulia kiganja kwamba asubiri. Alikuwa anasubiri tangu asubuhi na sasa alishapata saa yake. Alichotaka ni chakula na watu watoke. Hakuna aliyetoka.

"Majirani," alisema Weizero Tsehaynesh. "Twende kwa Weizero Abonesh, mlango wa mkono wa kulia. Tumekunywa kahawa pamoja miaka kumi na tano. Muulizeni yeye."

Walitoka wote koridoni. Aligonga kwa mgongo wa kidole, mara tatu na moja, kama alivyogonga siku zote.

Mlango ulifunguliwa na kijana mrefu wa Kikorea, kifua wazi, mswaki mdomoni. Nyuma yake palikuwa na kochi jipya la kijivu, na picha ya maua iliyonunuliwa pamoja na fremu yake. Kochi kama lile la fleti ya kumi na moja.

"Weizero Abonesh?" aliuliza Weizero Tsehaynesh.

Kijana alitoa mswaki. "Mimi nakaa hadi mwezi ujao," alisema, akafunga.

Aligonga wa kushoto. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kile kidude cha namba kilichobanwa mlangoni cha kuwekea ufunguo, dalali anakuachia tarakimu nne kwenye simu unajifungulia mwenyewe. Alishuka ghorofa ya tatu, viatu vikilia kwenye ngazi, huku Hirut akimwita. Aligonga milango minne. Mmoja ulifunguliwa na mama wa Kihindi aliyemwambia kwa heshima kwamba taulo zilishabadilishwa jana.

Alisimama hapo kwenye ngazi. Jengo zima aliloligombania umeme, aliloliandikia barua za maji, alilochangia misiba yake yote, halikuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia afisa wa kampuni: ndiyo, huyu ni Tsehaynesh.

Hata mlinzi wa getini alikuwa mpya. Aliletwa na kampuni ya ulinzi miezi sita iliyopita. Aliulizwa kwa simu, akajibu: "Yule mama wa usafi? Ndiyo namjua."

*

Waliporudi juu, Yidne alikuwa amemaliza kupiga simu yake.

"Nimemwita polisi," alisema. "Kituo kiko hapo chini tu, wanakuja. Si kwa ubaya, dada Hirut. Lakini mtu akishadai nyumba ya mteja wangu, na kakutwa na mali ya ndani kwenye begi, mimi nikinyamaza nitamwambia nini mwenye mali?"

"Wewe ni shetani," alisema Weizero Tsehaynesh.

"Mimi ni dalali, mama."

Alikwenda karibu naye, akaongea kwa chini, kwa ile sauti ya zamani ya Etiye. "Nyamaza tu. Ukinyamaza, nitawaambia polisi ni kosa dogo, utakwenda nyumbani. Kampuni inaongeza mkataba mwaka mzima wiki hii. Ukiharibu, umejiharibia wewe na mwanao. Nini kinakuuma? Kijiko?"

Kilichomuuma hakuwa na jina lake. Alikuwa amesugua sakafu ile kwa magoti wiki nane huku mgeni akiruka ndoo. Alikuwa ameambiwa na Yidne mwenyewe asikae kwenye kiti cha Kifle, kitaonekana kimebonyea. Alikuwa amekubali yote. Na sasa alikuwa hana hata ruhusa ya kuwa mtu aliyekubali.

"Mpigieni Bezawit," alisema kwa sauti, akimtazama Hirut. "Namba yake imo kwenye mkataba wako. Kama ni mwenye nyumba, atasema mwenye nyumba ni nani."

Kwa mara ya kwanza siku ile Yidne alisahau kutabasamu.

"Kule sasa hivi ni usiku wa manane," alisema.

"Kule ni saa tatu asubuhi. Mwanangu yuko huko miaka sita, hesabu hiyo naifanya kila siku. Mpigie, Weizerit Hirut. Mimi sitasema neno. Nitakaa hapa kimya usikilize mwenyewe."

"Dada Hirut, si vizuri kumsumbua mteja kwa..."

"Wewe umemsumbua polisi," alisema Hirut. Akabonyeza namba, akaweka sauti ya nje, akailaza simu mezani katikati ya vijiko.

Iliita mara nne.

"Halo?"

Sauti ya Bezawit, Beza wake, ilikuwa na mafua. Nyuma yake kulikuwa na kelele za sahani; alikuwa kazini, mkahawani.

"Bibi Bezawit Kifle? Naitwa Hirut, wa kampuni inayopanga fleti yako Bole. Usishtuke, nyumba iko salama. Nina swali moja tu. Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiyo." Akakohoa. "Yidne hayupo? Mambo ya nyumba anashughulikia Yidne."

"Yupo. Lakini nauliza wewe. Kuna mama hapa, anaitwa Tsehaynesh Wolde. Anasema ni mama yako, na nyumba ni yake."

Sahani zililia. Mtu alimwita Beza kwa mbali, hakuitika.

"Halo? Bibi Bezawit?"

"Hapana," ilisema sauti ile. "Haiwezekani. Mama yangu alifariki mwaka jana. Cheti cha kifo mnacho. Nililetewa niwatumie pamoja na hati ya nyumba, kiko kwenye faili lenu."

Hirut aliinua macho polepole. Kisha akaanza kugeuza kurasa. Ulikuwa ukurasa wa mwisho kabisa, nyuma ya nakala ya pasipoti. Karatasi yenye muhuri wa bluu.

Alisoma jina kimoyomoyo. Akakisoma kitambulisho. Akasoma jina tena. Jina, jina la baba, jina la babu, mwaka wa kuzaliwa. Yote yalilingana.

Aliigeuza karatasi ili mwenyewe aione.

Weizero Tsehaynesh aliinama. Alikuwa amekufa tarehe kumi na nne ya mwezi wa Tahsas, yaani Desemba kwa kalenda ya wageni, kwa ugonjwa wa moyo. Siku hiyo aliikumbuka. Alikuwa Gerji na dada yake wakiandaa unga wa mikate ya injera, na Beza alipiga simu jioni akauliza anaendeleaje, akajibu vizuri, namshukuru Mungu.

Alikuwa ameahidi kukaa kimya.

"Beza," alisema. "Umekula?"

Ni swali alilomuuliza kila simu kwa miaka sita. Kutoka Toronto kikasikika kitu kama mtu anayezuia kilio kwa kiganja, na mlango ukifungwa, na sahani zikapotea.

"Mama. Mama, uko na watu?"

"Niko na watu. Sema tu."

"Yidne alisema ni karatasi tu. Kampuni ilitaka jina la kwenye hati ya nyumba na jina la kwenye akaunti yangu ya benki inayopokea kodi liwe moja. Nikamwambia nitakuomba uniandikie uwakala, akasema utachukua miezi na kampuni itakwenda kwa mwingine. Akasema kwa njia ya urithi ni wiki mbili. Akasema hutajua kamwe. Mama, niliona aibu kila nikikupigia."

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unakata haraka."

"Ndiyo."

Pavel alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Kiamhari hakukielewa, lakini alielewa sauti, akaondoa kofia.

"Na kuna jambo jingine," alisema Beza. "Mwezi uliopita alinitumia karatasi, akasema ni za kuongeza mkataba. Nikasaini. Rafiki yangu mmoja amenisomea jana. Ni uwakala wa kuuza, Mama. Anaweza kuiuza hiyo nyumba wakati wowote. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia. Nimeshakata tiketi, nakuja sikukuu ya Fasika, nilitaka nikuambie uso kwa uso."

Weizero Tsehaynesh alimtazama Yidne. Yidne alikuwa ameketi, kwenye kiti cha Kifle, mguu juu ya mguu. Hakukimbia. Hakuwa na sababu.

"Dada Hirut," alisema kwa upole ule ule, "umesikia mwenyewe. Aliyeghushi cheti cha kifo ni Bibi Bezawit. Sahihi zote ni zake, mimi nilipeleka bahasha tu. Kosa kama hilo hapa kwetu ni jela, na huyo binti anatua uwanja wa ndege baada ya wiki tano." Kisha akamgeukia mama. "Lakini kama Tsehaynesh Wolde ni marehemu, hakuna aliyeghushi kitu. Kuna mwanamke wa usafi tu aliyepitiwa na vijiko. Anaonywa, anakwenda nyumbani. Mimi sina neno."

"Na nyumba?" aliuliza Hirut.

"Nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe ana wakala."

Hirut alikuwa ameshika kitambulisho cha kebele. Alikuwa na mkataba wa mwaka mzima wa kusainiwa, na bosi anayetaka fleti zisizo na makelele, na kwa muda mfupi uso wake ulionyesha yote hayo. Halafu alisogea, akamshika Weizero Tsehaynesh mkono, akakirudisha kile kitambulisho kiganjani mwake, akakunja vidole vyake juu yake.

"Ni chako," alimwambia. "Utakionyesha au hutakionyesha, utaamua wewe. Mimi sijakiona."

Kiatu kizito kilisikika ngazini, kisha cha pili. Lifti ya jengo lile haifiki ghorofa ya nne tangu mvua za Agosti.

"Mama," ilisema simu mezani. "Mama, usikate."

Polisi aliyeingia alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidogo, anahema. Aliitazama sebule, mzungu aliyeshika kofia, kijana kwenye kiti, vijiko mezani, na mwanamke aliyesimama na miwani mbovu katika mkono mmoja, mwingine ameukunja ngumi. Alitoa daftari, akalamba ncha ya kalamu kwa mazoea.

"Ndiye huyu?" alimuuliza Yidne.

"Ndiye."

Polisi akamgeukia, si kwa ukali.

"Haya, mama. Tuanze na wewe. Jina lako nani?"

Yidne alitabasamu. Simu ilikuwa wazi, na huko Toronto Beza alikuwa anasikiliza.

Weizero Tsehaynesh alivaa miwani ya mumewe, ikakaa upande, akamtazama polisi usoni, akafungua mdomo.